Nilivyompelekea Mzee Walker fremu ya kutembelea

Wiki yangu ya pili kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Huddersfield, Yorkshire, huku Uingereza, asubuhi saa moja, tumekaa kwenye kile kikao cha kupokezana shifti, nesi wa usiku anasoma karatasi yake haraka haraka maana anataka kwenda kulala, na mimi Kiingereza cha Yorkshire kilikuwa bado kinanipita pembeni kama bodaboda. Nikadaka maneno matatu tu, Walker, chumba namba tisa, kabla ya chai. Basi. Mafunzo yangu ya kea, yaani kuhudumia wazee, niliyafanya kwa kuangalia video za Wamarekani kwenye simu na Wamarekani kile kifaa cha kushikilia mgonjwa anapojifunza kutembea wanakiita woka, kwa hiyo kichwani nikajua chumba namba tisa wanataka woka kabla ya chai. Nikaenda stoo, nikaitafuta fremu moja safi, nikaipiga kitambaa, nikaipeleka.

Nafungua mlango namkuta mzee wa miaka themanini na kitu amekaa kitandani ananiangalia. Mguu mmoja umekatwa chini ya goti. Pembeni kuna wilichea. Mimi na fremu yangu mkononi, nimetabasamu meno yote nje, nikamwambia shikamoo yao ile ya gud moning halafu nikamwambia nimekuletea woka, tutembee kidogo. Jamani. Yule mzee aliangalia fremu, akaniangalia mimi, akaangalia mguu ambao haupo, akacheka mpaka akaanza kukohoa nikaogopa nikataka kubonyeza kengele. Alipopata pumzi akasema woka wa chumba hiki ni mmoja tu, ni mimi, na ameshaharibika.

Ndo nikaangalia mlangoni. Jina lake. Mr Walker.

Hiyo stori ilizunguka jengo zima kabla ya saa nne, mpaka wapishi walikuwa wananiuliza kama nimeshaipeleka fremu. Niliona aibu sana siku ile ila ndo ilikuwa mwanzo wa mimi kuanza kuyaangalia haya majina yao, maana kabla ya hapo kwangu jina la mzungu lilikuwa ni sauti tu, Smith, Cooper, Walker, Thatcher, unalisikia kwenye mpira au taarifa ya habari linapita.

Sasa tatizo la pili lilikuja palepale, nimwite nani. Mimi nimekulia Kilosa, Morogoro, na kumwita mtu wa umri wa babu yangu kwa jina lake la kwanza hivi hivi kavu, bila mzee, bila babu, bila baba fulani, hiyo kwetu unapigwa kofi na mtu ambaye hata si ndugu yako. Hapa kwenye faili la kila mtu kuna sehemu wameandika anapenda kuitwaje, na yeye alikuwa ameandika jina la kwanza. Wenzangu wote wanamwita hivyo, mabinti wa miaka kumi na tisa wanamwita hivyo, tena wanamalizia na "love", maana Yorkshire kila mtu ni love, dereva wa basi love, muuza mboga love. Mimi ulimi ukagoma. Nikatafuta njia ya katikati, nikachukua Mister nikabandika kwenye jina lake la kwanza, kama sisi tunavyosema Mister Juma au Bwana Peter, mwalimu wetu wa hesabu si alikuwa anaitwa Mister Petro na dunia haikuisha.

Kumbe kwao hiyo inasikika vibaya, yaani inasikika kama unaongea na watoto wadogo au kama kipindi cha katuni. Mister inakaa na ubini tu. Mr Walker, sawa. Mister na jina la kwanza, hapana. Halafu ukishazoea hiyo sheria unakutana na kinyume chake, ukishapewa cheo na mfalme unakuwa Sir na Sir inakaa na jina la kwanza! Ndo maana sote tunasema Sir Alex na hakuna anayesema Sir Ferguson, tumekuwa tukiipatia miaka yote bila kujua kwamba tunafuata kanuni. Nilivyomwelezea huyu mzee kwamba sisi heshima inabandikwa kwenye jina la mtu mwenyewe, siyo la babu yake, akasema basi kwenu kila mtu ni Sir. Tukakubaliana namwita Babu. Mmoja wa makea wenzangu alikaa karibu mwezi mzima anadhani namwita Barber, akaja kuniuliza kwani huyu si Walker? Na Barber nalo ni jina la ukoo, ni kinyozi, kwa hiyo hata hakuwa mbali sana.

Turudi kwenye Walker. Mimi nikiwa nimeshajua kwamba walk ni kutembea nikapiga hesabu ya haraka, Walker ni mtembezi, labda babu wa babu alikuwa mtu wa safari, mchuuzi, mpeleka barua. Nikawa namtania. Babu Mtembezi, leo twende wapi? Nikimsukuma kwenye wilichea kwenda kuangalia ndege dirishani namwambia mtembezi anatembezwa. Na ilikuwa inaingia akilini kabisa, si unamjua yule mzee wa kofia ndefu anayetembea kwenye chupa ya Johnnie Walker? Ile picha waliichora 1908, wameucheza ubini wa mwenye duka la mwanzo, John Walker wa Kilmarnock kule Scotland. Na Kyle Walker naye, beki wa kulia, mzaliwa wa Sheffield ambayo ni jirani tu na hapa, kila kijiwe cha mpira Tanzania lazima ilishapigwa utani kwamba huyu anaitwa Mtembeaji ila anakimbia kuliko wote. Kwa hiyo mimi sikuwa peke yangu kwenye ujinga, hata wenye kampuni walijua wanatania au walikubali tu kutania.

Mzee aliniacha nitanie kama miezi mitatu hivi. Siku moja mvua inanyesha ile ya Huddersfield isiyoisha, hakuna shughuli, akaniuliza unajua Walker ni nini? Nikamwambia si mtembezi. Akasema ni mtu anayekanyaga nguo kwenye mkojo.

Nikadhani nimesikia vibaya tena.

Ikabidi anieleze taratibu, na hapa niwe mkweli nilikuwa naelewa nusu nusu, nyingine nikaja kusoma mwenyewe baadae usiku nikiwa kwenye basi. Ni hivi. Huku milimani watu walikuwa wanafuga kondoo na kufuma sufu toka enzi. Sasa kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufumia hakijawa nguo bado, kimelegea, unaona matundu, kimejaa mafuta ya kondoo na kinanuka. Inabidi kioshwe yale mafuta yatoke na zile nyuzi zishikane zijae, kitambaa kisinyae kiwe kizito cha kuzuia baridi na mvua. Njia yao ilikuwa kukitia kwenye beseni kubwa la mbao au karo, unamwagia mkojo uliolala siku kadhaa, maana mkojo ukilala unatoa amonia na amonia inakata mafuta, na kuna udongo fulani mlaini nao unanyonya mafuta, halafu mtu anaingia miguu mitupu anakanyaga. Masaa. Mbele nyuma mbele nyuma, palepale, haendi popote. Huyo ndo Walker. Na neno lenyewe la zamani ambalo walk imetokea lilikuwa na maana ya kubingirisha na kuviringisha, mambo ya kutembea barabarani yalikuja kulikalia baadae. Kwa hiyo mtembezi wangu alikuwa ni mtu ambaye kazi yake ni kutembea siku nzima bila kutoka kwenye beseni, nikamwambia Babu hiyo basi ndo kazi yangu mimi hapa, kutoka chumba namba moja mpaka ishirini na nne na kurudi.

Mkojo wenyewe ulikuwa unakusanywa majumbani, kila nyumba na ndoo yake, na hiyo iliendelea huku Yorkshire mpaka karne ya 19. Babu anasema bibi yake alikuwa anazisimulia hizo ndoo.

Kikishakanyagwa kitambaa kinatolewa nje kinavutwa kwenye fremu ndefu za mbao zenye ndoano pande zote ili kikauke kimenyooka, na mpaka leo Mwingereza akiwa roho juu anasubiri majibu anasema yuko kwenye zile ndoano, kakazwa kama kitambaa. Nilikuwa nausikia huo msemo kazini kila siku najua ni kitu cha bucha.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba hiyo kazi moja ina majina matatu. Kaskazini huku na Scotland aliitwa Walker, kusini mashariki aliitwa Fuller, kule kusini magharibi Devon na Cornwall aliitwa Tucker. Kazi ileile, beseni lilelile, mkojo uleule. Kwa hiyo ubini wa mtu unaweza kukwambia mababu zake walikuwa wanaongea lafudhi ya wapi, ni kama sisi, mwingine anasema beleshi mwenzake anasema sepetu, unajua huyu katoka wapi. Na mnyororo mzima wa kitambaa umo kwenye majina yao, Webster ni mfumaji, tena mwanzoni ilikuwa mfumaji wa kike, Walker anakanyaga, Shearer anakata manyoya, Dyer anatia rangi, Taylor anashona. Nikamwambia mume wangu jioni, yeye mtu wa mpira, akasema hiyo timu ya taifa ya Uingereza, Kyle Walker beki, Kieron Dyer kiungo, Alan Shearer mbele, magoli 260 ya ligi kuu, kumbe tulikuwa tunashangilia kiwanda cha nguo.

Na wenyewe hawayasikii! Hicho ndo kitu kilichonishangaza kuliko mkojo. Niliwauliza wenzangu kazini, Cooper maana yake nini, hajui, anadhani ni jina tu, kumbe ni fundi mapipa. Thatcher ni mwezekaji, mtu wa kuezeka nyumba kwa nyasi, hebu fikiria yule mama waziri mkuu aliyetikisa dunia alikuwa Mama Mwezekaji, na lenyewe halikuwa lake, lilikuwa la mume wake, yeye alizaliwa Roberts. Wat Tyler aliyeongoza wale wakulima kugomea kodi mwaka 1381, Tyler ni fundi vigae. Kwao haya yameshakufa maana, yamebaki mlio. Sisi kwetu mtu anaitwa Shida, Tabu, Sikujua, Mashaka, na kila anayemwita anajua anachosema.

Hiyo kodi ya Wat Tyler ina uhusiano na mambo haya. Zamani Mwingereza alikuwa na jina moja tu la ubatizo, na majina yenyewe machache, kijiji kizima kina John kumi na tano. Wakawa wanatofautishwa kwa kazi, John mkanyagaji, John wa mlimani, John mtoto wa Will. Ilikuwa haijakaa sawa, mtu anaweza kufa na jina tofauti na alilozaliwa nalo, mtoto akifanya kazi nyingine anaitwa kwa kazi yake. Baada ya Wanormani kuja 1066 matajiri wakaanza kurithisha, ardhi si inataka jina, na taratibu ikashuka mpaka kwa wanyonge, mpaka kufika kama 1400 wengi wameganda. Serikali nayo ilikuwa inaandika watu, ile kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381, karatasi za Yorkshire za 1379 zipo mpaka leo zina majina na kazi, unaweza kumkuta mtu ubini wake wa kazi moja na yeye mwenyewe anafanya kazi nyingine, hapo unajua jina limeshaachana na mwenye jina. Na mashine za maji za kutwanga kitambaa zilishaingia England toka karne ya 12, nyundo za mbao zinafanya kazi ya miguu. Yaani wakati Walker inaanza kurithishwa miguu yenyewe ilikuwa inaondolewa kazini. Babu wangu wa chumba namba tisa yeye alikuwa dereva wa basi. Miaka thelathini amekaa, hajatembea wala hajakanyaga kitu zaidi ya breki.

Siku ya jumapili anapenda kusomewa Biblia, ni mtu wa kanisa la Methodisti, na anataka ile ya kizamani ya Kiingereza kigumu, mimi najing'ata ulimi humo lakini nasoma. Tukafika Marko sura ya 9, Yesu anageuka sura mlimani, nguo zinakuwa nyeupe kuliko ambavyo fuller yeyote duniani anaweza kuzifanya. Akanishika mkono. Fuller, akasema, huyo ni mimi, wa kusini. Nikatoa simu nikafungua ya Kiswahili mstari uleule wa tatu, nikamsomea, "jinsi asivyoweza dobi duniani kuyafanya meupe." Dobi! Nimesoma huo mstari toka sunday school sijawahi kufikiria kwamba dobi yule angeweza kuwa Mr Walker wa chumba namba tisa. Akaniuliza dobi ni nani nikamwambia ni mtu anayefua na kupiga pasi nguo za watu, kwetu anakaa kona ya mtaa ana pasi ya mkaa. Akataka nimfundishe kulitamka. Kuanzia hapo mtu akiingia kumpa dawa akiulizwa jina anasema Dobi, na kwa sababu dawa haitolewi mpaka jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane na karatasi, nesi mmoja mgeni alihangaika naye dakika kumi nzima akaja kuniita, na mimi niko jikoni nimejificha nacheka.

Hilo la jina na tarehe ya kuzaliwa lina sababu, maana tulikuwa na Walker wawili. Walker ni moja ya majina ishirini yanayoongoza Uingereza hii, kwa hiyo nyumba ya watu ishirini na nne kuwa na wawili si ajabu. Mwanzoni nilidhani ni ndugu, nikamuuliza yule mama wa ghorofani kama Babu ni shemeji yake, akaniangalia kama nimemtukana. Kwetu ukisikia mtu ni Mushi au Massawe unaanza palepale, Mushi wa wapi, Kibosho au Machame, dakika tano mnapata mjomba mmoja. Huku Walker na Walker wanaweza kukaa ukuta kwa ukuta miaka arobaini bila kuulizana kitu, kwani kila bonde lilikuwa na mkanyagaji wake. Ila meno ya bandia ya mmoja yalishawahi kwenda kwa mwingine. Sitasema nani aliyapeleka.

Halafu kulikuwa na Walker wa tatu, huyu ni mfanyakazi mwenzetu, dada mweusi, wazazi wake walitoka Jamaika. Huddersfield ina watu wengi wa visiwa vya Karibiani, walikuja kufanya kazi viwandani na kwenye mabasi. Mimi na umbea wangu wa majina nikamwendea chumba cha chai nikamwambia unajua Walker maana yake nini, nikamwagia stori yote, beseni, mkojo, mashine za maji, nimechangamka kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo ni ya Babu, siyo yangu. Ya kwangu ilikuja na meli.

Nikanyamaza maana nilijua nimeingia pabaya. Akaniambia kwao watu waliandikwa kwenye madaftari ya serikali kuanzia 1817, kila mwenye shamba anataja watu wake, jina moja, umri, rangi, kama unavyohesabu ng'ombe, na ubini wengi waliupata kwa kubatizwa au kwa kuchukua wa mwenye shamba au meneja au yeyote aliyekuwa karibu, na utumwa ulipofutwa kisheria 1834 na ile miaka ya kufanyishwa kazi kwa lazima ikaisha 1838 wakabaki nayo. Hajui kama Walker aliyewapa alikuwa mmiliki au msimamizi. Ndo maana Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alifuta ubini wake akaweka X, akasema, alafu akaosha kikombe chake akarudi kazini. Mimi toka siku ile kabla sijamwelezea mtu maana ya jina lake naangalia kwanza jina limemfikiaje.

Na mimi je? Mimi huku naitwa Miss Mashaka. Si jina langu. Mimi ni Rehema, baba yangu ni Yohana, Mashaka ni babu yangu mzaa baba, nimemuona mara chache nikiwa mdogo, amekaa nje anatengeneza jembe. Kwetu ubini ni bin, ndo neno lilipotoka, Juma bin Hassan, ni ngazi unapanda, mtu, baba, babu, na mtoto wangu akizaliwa ngazi inasogea babu anadondoka juu, inatakiwa iwe hivyo, kila kizazi kinamsindikiza mtu mmoja. Nilivyojaza fomu ya pasi ya kusafiria nikaandika majina matatu kama kawaida na la mwisho likawa ndo ubini wangu wa dunia nzima. Benki, kodi, umeme, hospitali. Napiga simu kwa daktari, ubini tafadhali, nasema Mashaka, tamka herufi, M ya mango, A ya apple, nimekariri. Babu yangu ambaye hajawahi kufika hata Dodoma ana bili ya maji Yorkshire.

Mume wangu yeye ana jina la ukoo kabisa, Sanga, Mkinga wa Makete, wao wamenyooka. Mtoto akachukua Sanga. Mimi sikubadilisha, kwanza gharama, pili huku si sheria ni mazoea tu mke kuchukua la mume. Matokeo yake tukirudi kutoka likizo mimi na mtoto wawili tu, pale mpakani afisa anaangalia pasi mbili, Mashaka, Sanga, ananiuliza huyu ni nani wako. Mtoto kalala begani kwangu, amenifanana mpaka masikio! Akamuuliza mtoto huyu ni nani, mtoto kaamka kwa hasira akasema mama Neema. Ndo tunavyoitana nyumbani, Neema ni jina lake yeye. Afisa akadhani mama yake ni mtu mwingine anaitwa Neema. Tulikaa pembeni kama nusu saa, tangu hapo natembea na cheti cha kuzaliwa kwenye begi. Nikimsimulia Babu aliona ni kituko, anauliza kwa hiyo ukizaa unapoteza jina? Nikamwambia siyo kupoteza, unapandishwa cheo.

Ndo akaniuliza Mashaka ni nini. Nimemchambua yeye miezi sita, haki yake. Nikamwambia ni shida shida, wasiwasi, mambo yasiyotulia, mtoto akizaliwa wakati wa njaa au wakati nyumba ina matatizo anaweza kuitwa hivyo. Akaisoma beji yangu kifuani kwa sauti, akasema kwa hiyo wananiletea chakula kila siku mtu kaandikwa Matatizo. Tumecheka sana. Kisha akauliza ni matatizo gani yaliyokuwepo siku hiyo, nikakwama, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nimejua habari za wakanyaga nguo wa karne ya 12 na sijui babu yangu aliitiwa nini.

Nikampigia baba jumamosi. Mtandao unakatika katika, nikamuuliza baba, babu aliitwa Mashaka kwa nini? Akakaa kimya kidogo akasema alizaliwa mama yake akiwa amefiwa na watoto wawili mfululizo, bibi mmoja akasema huyu tumpe hili labda atapita. Akapita. Ila akasema, wewe unajua babu yako alikuwa hataki hilo jina? Alipobatizwa akapewa Yosefu, akawa anawaambia watu niiteni Yosefu, mtu akimwita Mashaka njiani haitiki, anaendelea na safari zake, kijiji kizima kikagoma, wakamwita Mashaka mpaka anaingia kaburini. Baba akaanza kucheka kule. Kalikimbia maisha yake yote, akasema, na wewe umelichukua umelipeleka Ulaya.

Nikamwambia baba, na lipo kwenye beji. Kwa herufi kubwa.